Bwana Afya Alipokaa Kwenye Benchi Langu

Mimi, mama Adventina, niliishia darasa la nne, na somo nililolishika vizuri kuliko yote ni kuogopa. Naogopa radi. Naogopa mgeni anayecheka sana. Mume wangu, Buberwa, husema siku nikikosa cha kuogopa, hapo ndipo naogopa zaidi.

Kwa hiyo kipindupindu kilipoingia nchini, mwaka mmoja kabla ya vita ya Kagera, mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara ya Bukoba na Muleba, mahali watu wanaposubiri gari. Redio haijamaliza kutangaza, mimi nachemsha. Nilichemsha maji, vikombe na vijiko. Nilichemsha mwiko mpaka ukapasuka. Nilichemsha kitambaa chekundu cha meza pamoja na shati jeupe la Buberwa, Jumapili akaenda Misani amevaa shati la rangi ya waridi, na njia nzima hakuniongelesha.

Kisha mwenyekiti wa kijiji, Ta Rwegasira, kwetu Ta ni kama kusema Mzee, akatuita mkutanoni. Akasema wauzaji binafsi wote wa vyakula vilivyopikwa wafunge mpaka Bwana Afya aje kuwakagua. Atakuja lini? Hakujua.

Jirani yangu Zuena, aliyekuwa akikaanga samaki, akasimama. "Na kilabu?"

Kilabu cha kijiji kiliuza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wanaume walikaa kwa duara, kibuyu kimoja, mrija mmoja, ukitoka kinywa hiki unaingia kingine.

"Kilabu ni mradi wa umma," akasema Ta Rwegasira. "Kinajenga zahanati. Ninyi mnajenga matumbo yenu."

"Kumbe kipindupindu kikifika mlangoni kinauliza kwanza mwenye mali ni nani?"

Watu wakacheka. Mimi nilitazama miguu yangu. Jibu zuri, la kumkalisha mwenyekiti chini, nililipata kesho yake nikimenya ndizi. Nikaziambia ndizi.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Adventina wangu alikuwa anasoma sekondari Bukoba, na kahawa yetu huleta fedha kwa msimu tu. Sabuni yake, nauli yake, daftari zake, vyote vilitoka kwenye birika langu la chai. Kibanda kikikaa kimefungwa muhula mzima, binti angerudi nyumbani, na nilijua vizuri binti akirudi nyumbani hivyo huwa harudi tena shuleni.

Nikafunga. Kutwa nikawa nakaa nyuma ya mgomba, nachungulia kilabuni. Niliona nani anafuta mrija kwa shati na nani hafuti kabisa. Buberwa akaniuliza kama nimeajiriwa na polisi.

Hatimaye Bwana Afya akaja kwa pikipiki. Jina lake Mushumbusi, Mhaya mwenzetu, kijana mnene mwenye sauti ya upole. Akafunua sufuria zangu. Akanusa maji. Akaangalia shimo la taka, akaingia hata chooni, na mimi nyuma yake nikijieleza bila kuulizwa. Zuena alikuwa ameegemea dirisha anasubiri zamu yake.

"Mama Adventina," akasema Mushumbusi, "sijaona kibanda safi kama hiki tangu nianze kazi hii."

Akakaa kwenye benchi. Furaha ikanizidi, na hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mgeni akishakaa hupewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa. Sikuamua kitu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kikapu. Nikatia punje mdomoni kwangu kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa, aone haina sumu. Kisha kwa vidole vilevile nikamwekea zake kiganjani.

Na yeye, mtoto wa watu waliomlea vizuri, akapokea kwa mikono miwili, akatupa kinywani.

Tukatazamana. Taya lake likasimama.

"Mawe!" Zuena akamwita mama yake kwa Kihaya pale dirishani. "Amelishwa!"

"Mama," akasema Mushumbusi polepole, "umenipa chakula kwa vidole ulivyotia mdomoni."

"Hapana, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Nimekukaribisha."

Kuitema asingeweza. Kutema kahawa ya mwenyeji ni kumtukana yeye na ukoo wake. Akatafuna mpaka mwisho kwa uso wa mtu anayesikiliza tumbo lake.

"Sheria inasema nikufunge," akasema.

Kichwani nikamwona Adventina anashuka garini na sanduku lake, amerudi nyumbani. Naapa maneno yaliyofuata sikuyapanga. Woga ukizidi hutoka kwa mlango wowote.

"Nifunge, waitu. Lakini ukishanifunga mimi, wewe atakufunga nani? Umekula! Na wale wa kilabuni wanaonyonya mrija mmoja tangu asubuhi, nao atawafunga nani?"

"Mrija gani?"

"Njoo nikuonyeshe," akasema Zuena, na alikuwa ameshaanza kutembea.

Tukamfuata, tukamkuta Ta Rwegasira na mrija mdomoni. Alijaribu kueleza habari za mradi wa umma, lakini mrija ulimchelewesha. Mushumbusi akatangaza palepale, mbele ya wote: masharti ni yaleyale kwa kila anayeuza, awe mtu au kijiji. Maji ya kuchemsha, kila mnywaji chombo chake, mikono kwa sabuni. Aliyetimiza afungue, ambaye bado afunge. Mimi nifungue, ila kahawa nigawe kwa kijiko. Zuena afungue akishafunika samaki wake. Kilabu kifungwe mpaka kipate vikombe.

Nilirudi mbio kuwasha moto. Sikuwa nimefikiria kwamba wanaume wa kilabuni nao watahitaji mahali pa kukaa. Wakaja wote, wamenuna, wakajaza benchi, na Ta Rwegasira mbele yao.

"Chai," akasema.

"Mikono kwanza, Ta."

Nilisema kwa sauti ndogo sana, nikitumaini hatasikia. Akasikia. Akainuka, akaenda kwenye beseni, akanawa huku ananikodolea macho, na mimi, kwa woga, nikammwagia maji yote kwenye viatu.