Plagi Nne Ndani ya Mia Tatu

Baba yangu walimwita Mzee Sisii, sisii ile inayopima ukubwa wa injini, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Gari la kifahari likipita mbele ya gereji yake, kabla halijapunguza hata mwendo, alishasoma namba ya modeli iliyobandikwa nyuma na kututangazia injini. "Mia mbili themanini. Toa sifuri, weka nukta. Lita mbili nukta nane, plagi sita. Anayebisha afungue boneti." Waliowahi kubisha walimnunulia soda.

Mimi niliacha shule darasa la sita, nikakaa na mama kwenye kona ya gereji tukishona vitambaa vya viti vya magari. Cherehani ilielekea uwanjani, kwa hiyo kila kitu kilipita mbele ya macho yangu. Sikuwa muongeaji. Baba alisema mimi ni kioo cha pembeni, naona yote na sisemi kitu.

Mjomba, mdogo wake mama, alifanya kazi na baba miaka kumi na moja. Mama alikuwa akiwatania kwamba mmoja anasoma namba, mwingine anachafuka mikono.

Ijumaa moja dereva wa mkurugenzi fulani alituachia gari jeusi linalong'aa, nyuma limeandikwa mia tatu. Alitaka libadilishwe oili na breki, akasema anasafiri na bosi wake, atarudi baada ya wiki mbili. Baba akazunguka nyuma, akazipapasa zile namba kama mtu anayepapasa shavu la mtoto.

"Lita tatu. Plagi sita," akasema. "Hii ikikohoa tu, mtaa mzima unaamka."

Boneti hakuifungua. Aifungulie nini, na namba ameshaiona?

Aliifungua Jumatatu. Nilimwona akiinama, akiinuka, akiinama tena. Akang'oa lile funiko la plastiki la juu ya injini, akahesabu plagi kwa kidole. Nne. Akahesabu akianzia upande wa pili, kana kwamba mbili zilikuwa zimejificha.

"Shemeji," akaita. Mjomba akaja akijifuta mikono kwa tambara. "Injini ya watu iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Hii ni lita mbili, na gari ni mia tatu. Nauliza lita moja imekwenda wapi."

Mjomba akacheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. "Labda imekauka. Jua la juzi lilikuwa kali."

Baba hakucheka. Jana yake, Jumapili, yeye alilala nyumbani akiumwa mgongo, na funguo za gereji zilikuwa kwa mjomba. Mimi nilikuwa nimekuja kumalizia viti vya mteja. Baba akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo. Ulimwona akiinua injini kwa mnyororo?"

"Nilimwona."

"Ilikuwa ya pikapu ya muuza mbao," mjomba akasema. "Alikuja asubuhi, klachi imekufa, na haifikiki bila kuinua injini. Jioni akaondoka. Mpigie simu."

"Nimpigie ili iweje? Mtakuwa mshakubaliana."

Mjomba akaniangalia. Alikuwa akinisubiri mimi. Na pikapu niliiona, ya bluu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini siku mbili kabla yake, mjomba alinifanya kichekesho mbele ya wateja, akiniita mhitimu wa chuo kikuu cha sindano, na neno hilo lilikuwa bado linaniuma. Nikainama, nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Sindano ilikuwa na uzi tayari.

Mjomba akaliweka tambara juu ya meza ya vifaa, akaondoka.

Kabla ya jioni gereji zote za mstari ule zilikuwa na habari. Baba mwenyewe ndiye aliyeipeleka, ili dereva akirudi pasiwe na mtu wa kusema Sisii ni mwizi. Baada ya hapo hakuna fundi aliyemtaka mjomba hata kwa kumshikia spana. Tukasikia anafyatua matofali.

"Ni ndugu yangu yule," mama akamwambia baba nyumbani.

"Na namba je? Nayo inamsingizia?"

Mama akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, lakini kunyamaza kwetu hakukuwa kumoja.

Wiki mbili zilipokwisha dereva akarudi. Baba alimkalisha kwenye benchi kwanza, akamweleza kwa sauti ndogo kwamba injini imebadilishwa, kwamba atailipa hata kwa kuuza vifaa. Dereva alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Akatoa kadi ya gari, akamwonyesha: sisii elfu moja mia tisa tisini na moja.

"Mzee wangu, tangu kiwandani ni hii hii. Siku hizi namba ya nyuma ni cheo tu. Injini ndogo wameiwekea tabo, ile ya kuisukumia hewa, inavuta kama lita tatu, basi wakalibandika mia tatu. Hamkuambiwa?"

"Na yale ya zamani?" baba akauliza.

"Ya zamani mengi ulikuwa sahihi."

Hilo halikumsaidia kitu. Gari lilipotoka, baba alivua ovaroli akaanza kutembea gereji hadi gereji, na mimi nyuma yake bila kuitwa. Kila alipofika alisema yale yale. "Shemeji yangu si mwizi. Mimi ndiye sijui magari." Mmoja akamwambia, "Sisii umeishiwa sisii." Baba akasimama, akawaacha wacheke mpaka wachoke, kisha akaenda kwa jirani.

Mjomba tulimkuta kwenye kiwanja cha matofali, magoti yamejaa udongo. Baba akachuchumaa mbele yake, yeye na mgongo wake mbovu.

"Shemeji, nimekukosea. Nimeshawaambia wote."

"Nimesikia," mjomba akasema. Akapindua fremu, tofali likatoka. Kisha akaniuliza mimi, taratibu, "Wewe binti, ile pikapu uliiona?"

"Niliiona."

"Siku ile ulikuwa umeisahau?"

Alikuwa ananifungulia mlango nipite. Baba naye alinitazama, akitaka nipite.

"Hapana, mjomba. Sikuisahau."

Akatikisa kichwa kidogo, akachota udongo mwingine.

Alirudi gereji baada ya mwezi, kwa ajili ya mama. Utani upo, si mwingi. Lakini kabla hajagusa injini yoyote, hata kwa kubadilisha plagi moja, humwita baba aje ahesabu kwanza. Halafu hugeukia kona yetu. "Na wewe njoo," huniambia. "Uone yote." Nami huacha cherehani, nikaenda, nikahesabu kwa sauti.