Nilivyofuta Mazishi ya Shosho

Naomba mnisamehe kwanza kwa mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la nane, naandika polepole, na haya machache yamenichukua jioni nne nikifuta na kurudia (mimi na kufuta, mtaona wenyewe). Ni aibu yangu hii, na nyumbani ikitajwa hutoka nje kama mtu aliyekumbuka kuanua nguo.

Wakati huo nilikuwa nikiishi mtaa wa Woodley kwa Anti Wambui na kuuza mapazia katika duka moja mjini. Mimi ni mtu wa haya, mteja akiniuliza bei namjibu nikiangalia kitambaa. Lakini kila Jumapili alasiri runinga ilionyesha vile vipindi vya historia ya Wazungu, vita vyao viwili vya dunia, wafalme wao waliokatana vichwa, na mambo ya kale ambayo eti hakuna anayeyajua, na mimi nikavishika kama dini. Kiingereza nilikuwa naambulia nusu, nusu nyingine najazia mwenyewe, halafu Jumatatu nampelekea Otieno, jirani yetu fundi wa viatu, na watu wanaosubiri viatu vyao wanasikiliza kwa sababu hawana pa kwenda na soksi. Ndiye aliyenipa jina la Profesa.

"Niaje Profesa, leo Mjerumani amefika wapi?"

Na mimi, nisiyeweza kuagiza chai hotelini bila sauti kukwama, nasimama kueleza vifaru vilivyozama kwenye theluji. Profesa! Wa gundi na misumari.

Sasa Jumapili moja kikatangazwa kipindi cha kaburi la mfalme wa kale, na saa hiyohiyo Anti alitaka nikambebee viti kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa huko Hurlingham. Nikaamua nirekodi. Uamuzi mdogo tu. Deki ya video ilikuwepo, chini ya kitambaa chake cha kufumwa, lakini kanda zote zilikuwa za mahubiri, zimeandikwa majina. Nikatafuta mpaka nyuma ya kabati nikapata moja isiyo na jina. Kile kipande kidogo cha plastiki cha pembeni kilikuwa kimevunjwa, na kila mwenye deki anajua kikivunjwa maana yake ni moja, kwamba mtu hataki kanda hiyo ifutwe. Nilijua. Nilijua pia dawa yake, unabandika selotepu juu ya tundu na deki inadanganyika. Nikabandika. Kuitazama kwanza niliona ni kazi, kwa sababu kipindi kilikuwa kinaanza, basi nikabonyeza hapohapo iliposimamia nikaenda kubeba viti.

Niliporudi nilikuta stima imepotea, taa, runinga na deki vyote vimezima. Iliporudi nikatazama kaburi langu, na kipindi cha vita kilichofuata, mpaka pale stima ilipokatia, nikazima, nikarudisha kanda nyuma ya kabati. Wiki nzima nilitamba kwa Otieno.

Miezi mitano baadaye Anko Ndung'u akaja kutoka Amerika. Ni mdogo wake Anti. Shosho, mama yao na bibi yangu, alipozikwa shambani kule Wangige, Anko hakuweza kuja, makaratasi yake hayakuwa yamekaa sawa, angetoka asingeruhusiwa kuingia tena. Kila akipiga simu alikuwa akiuliza jambo moja: kanda ya mazishi bado iko? Anti anamjibu iko, nimeificha mahali salama. Jina hakuwa ameliandika kwa sababu kila akishika kalamu aandike jina la mama yake alikuwa analia.

Basi Jumapili iliyofuata sebule ilijaa watu waliokuja kuitazama kanda pamoja naye. Akina mama wa kanisa, pasta, Otieno na tai ya kuazima. Anko hakutaka kiti, alikaa chini karibu na runinga kama mtoto. Mitambo nilipewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye Profesa. Anti akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akanipa kanda, na selotepu yangu ikang'aa.

Hapo ningesema. Watu wangenikasirikia, lakini wangejua. Ila kusema mbele ya watu ishirini mimi? Nikaingiza kanda, nikairudisha mwanzo, nikaomba Mungu abadilishe alichokwisha kuona.

Ikaanza. Lango la nyumbani, gari likirudi kinyumenyume, akina mama wakiimba. Anko akasema "Mama" kwa sauti ndogo. Likaja kaburi. Wanaume wanne wakashika kamba, jeneza likaanza kushuka, likafika usawa wa magoti yao, halafu chwaaa, jangwa. Mchanga mtupu, ngoma zinapigwa, na Mzungu wa kofia na kaptula anauliza kwa sauti nzito: Ni nani aliyezikwa hapa?

"Hayo ni matangazo?" Anti akauliza.

"Deki imeshika stesheni," nikasema. (Uongo wa mtu mwoga huwa hata haujavaa nguo.) Nikapeleka mbele. Yule wa kofia bado. Nikapeleka tena. Sasa ni askari wa Ulaya wanapiga hatua na mtu mmoja anapiga kelele jukwaani.

"Haki hii ni nini sasa?" mama mmoja akauliza. "Mazishi yako wapi?"

Otieno, Mungu amsamehe, akachangamka. "Aa, si hii ndiyo ile ya kaburi Profesa alituambia! Ile alirekodi!"

Anti akaja akaitoa kanda. Akaigeuza. Akapapasa selotepu kwa kidole.

"Nani alibandika hii?"

Nikaangalia zulia.

"Wewe, nakuuliza. Nani?"

"Ni mimi, Anti."

Akina mama wakasonya wote pamoja. Anko peke yake hakugeuka. "Irudishe," akasema. "Irudishe pale jeneza linashuka, na mtu asiipeleke mbele."

Tukakaa, pasta na wote, tukatazama kaburi la mfalme asiyejulikana kwa saa nzima. Ndipo niliona upuuzi niliokuwa nikiuabudu. Yule wa kofia aliuliza swali lile mara saba, ngoma, matangazo, anarudi analiuliza tena, na mwisho akasema hakuna ajuaye. Alipiga hema jangwani kutafuta aliyezikwa. Mimi nilikuwa namjua aliyezikwa, alinilea, na nikamfunika na mchanga wa Mzungu.

Ikaja vita, ikafika pale stima ilipopotea, na mabaki ya kanda yakatokea. Kaburi limeshafunikwa, maua juu, watu wanakusanya viti, na mimi pembeni ya picha nimeinama naangalia viatu vyangu. Halafu weupe.

Anko akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Nieleze."

"Eleza, Profesa," Otieno akanong'ona.

Nikafungua mdomo. Mlango wa mfalme ulielekea wapi, najua. Vifaru vilikwama wapi, najua. Wimbo gani uliimbwa Shosho akishuka? Nani alitupa udongo wa kwanza? Viatu vilikuwa vipya, vilinibana, nilikuwa nikiviangalia hivyo.

"Alizikwa vizuri," nikasema.

"Vizuri aje?"

Anko alipanda ndege akiwa na neno hilo moja tu.

Vipindi hivyo sivitazami tena, na nikienda matangani sasa naangalia mpaka udongo wa mwisho. Lakini nina ombi. Yule mpiga picha aliyerekodi mazishi alishafunga studio. Kama ni wewe, au ulikuwa Wangige siku hiyo, kikongwe mwenye jeneza la kahawia na mvua ikatishia isinyeshe, tafadhali niandikie kupitia kwa mhariri. Niambie wimbo. Niambie nani alishika kamba. Hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, nitausoma, na nitamtumia Anko.