Chumvi Yangu na Kuku wa Mke Wangu

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini niwekee chembe ya chumvi ulimini, nitakuambia imetoka wapi na aliyeiuza ametia mchanga kiasi gani. Babu yangu aliibeba kichwani kutoka Uvinza wakati wa misafara. Mimi, enzi za Mwingereza, niliileta Tabora kwa gari moshi, magunia kwa magunia, nikaiuza nyumbani kwangu, mtaa wa Ng'ambo. Na sikumuuzia mtu uchafu! Yale mabonge ya chini ya gunia, yenye vumbi, wenzangu waliyaponda wakayachanganya na nzuri. Mimi niliyatupa uani, nyuma ya choo.

Uani humo ndimo walimokuwa kuku wa mke wangu. Nasema wa mke wangu, si wangu. Mama yake alimpa mitetea wawili tulipooana, naye akawalea mpaka wakafika ishirini na kitu. Mgeni wa kwao akija, kuku alichinjwa bila mimi kuulizwa.

Kiangazi kimoja wakaanza kufa. Hawana mafua, hawana vidonda. Kuku anakwenda kwenye chungu cha maji, anakunywa, anakunywa, kama katoka safari ya siku kumi. Kisha anatembea kama mlevi, shingo inapinda, kesho yake miguu juu. Bwana mifugo alipita akatazama, akasema huenda ni mdondo, ila mdondo anaoujua yeye hauna kiu namna hii.

Waliokufa walipofika kumi na wawili nikamgeukia mke wangu. "Ni pumba zako! Unawalisha pumba zilizooza."

Walipobaki wanne na jogoo, aliwatia kwenye tenga asubuhi, akajifunga kanga.

"Nawarudisha kwa mama, Usoke, kwa gari moshi la leo," akasema. "Na mimi nabaki huko huko. Wewe tafuta mwanamke mwenye pumba nzuri."

"Nenda!" nikasema. Ndivyo nilivyokuwa.

Akaenda. Nikabaki na mtetea mmoja aliyekufa alfajiri ile, nikamtazama kwa hasira. Nikachukua kisu nikampasua, nione hiyo pumba iliyooza. Maji yakamwagika! Tumbo zima maji, kiangazi kile, hata kisima cha jirani kimekauka. Nikalipasua gole lake, kile kifuko cha chakula shingoni. Hamna pumba. Kuna ujiuji na changarawe. Sasa mimi nina tabia moja ya kazi: kitu nisichokijua nakionja. Nikachovya kidole nikalamba.

Chumvi. Tena si chumvi ya mtu mwingine. Ule uchungu mdogo wa mwisho naujua hata usingizini, ni gunia langu la mwezi ule.

Nikaruka nyuma ya choo. Mabonge yangu yamedonolewa pande zote, yana vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Kuku humeza vijiwe, hamjui? Wao wameona vijiwe!

Nikalinyakua bonge moja nikakimbia stesheni. Kisu sikukumbuka kukiacha. Watu wakanipisha njia, mama mmoja akavuta mtoto wake ndani akafunga mlango. Stesheni askari akanikamata mkono: "We bwana, unakwenda kumuua nani?"

"Nimeshaua!" nikamwambia. "Kuku kumi na sita!" Akakichukua kisu, akaniacha nipite huku anacheka.

Mke wangu alikuwa kashashika mlango wa behewa, tenga liko chini.

"Si pumba!" nikapiga kelele. "Ni chumvi! Wamejaa maji tumboni! Wamekula chumvi!"

Akalichukua lile bonge, akaligeuza, akaona madono.

"Si lile unalotupa nyuma ya choo?"

"Ndilo."

"Basi nani kaua kuku wa mama yangu?"

Nikaitazama injini.

"Sema. Watu wanasikia."

"Mimi. Na pumba zako hazikuwa na kosa."

Neno hilo lilikuwa zito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Mama mmoja dirishani akasema, "Msamehe, dada, angalau kakimbia."

"Hata mwizi anakimbia," mke wangu akamjibu.

Filimbi ikapigwa. Akalisukuma tenga kwa mguu mpaka kwangu. "Beba."

Nikabeba kichwani, mimi tajiri wa chumvi, mchana kweupe, jogoo akiwika juu ya utosi wangu na kunichafua bega. Yeye mbele, mikono mitupu. Kila mlango wanauliza, "Vipi, mnahama?" Naye anasema, "Muulizeni mwenyewe." Ikanibidi nieleze, kila mlango, kiu, maji, mabonge, mpaka sauti ikanikauka.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa mzee wa Kiarabu, jirani yetu mwenye duka, aliyekuwa akiuza chumvi kama mimi. Alinisikiliza, akaanza kutabasamu, ghafla akakunja uso.

"Wallahi," akasema, "na mimi ya kwangu naikung'uta uani!"

Akachomoka na ndara moja mguuni, akimwita mkewe afunge kuku, afunge upesi! Tukasikia kuku wanapiga kelele, sufuria zinaanguka. Mke wangu akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nimesimama na tenga langu, nacheka naye, sijui hata nilitue wapi.