Kuku Aliyekonda kwa Ta Byabato

Siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ni siku niliyopimwa kwenye mizani kama gunia. Ulikuwa mwaka ule Uhuru ulipokuja, nami nilikuwa mtoto bado. Baba alinichukua kutoka kwetu Kishanda mpaka Bukoba mjini, kumnunulia mama kitenge. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja kule mtaa wa Bakoba, mtu mnene, mcheshi, na Kihaya chake kilichekesha kuliko Kiswahili changu. Pale mlangoni palikuwa na mizani ya kupimia magunia. Akaninyanyua, akanisimamisha juu yake, akasukuma kile chuma mbele na nyuma, kisha akamwambia baba, "Bwana, mtoto wako gunia la chumvi linamshinda. Huko kwenu wanapika kweli?"

Baba alicheka mpaka machozi. Mimi nilishuka nimenuna, na nilinuna njia nzima.

Nyumbani nikamshtakia bibi, mama yake baba. Bibi hakucheka. Alisema, "Chuma kinajua uzito tu. Kwa nini umekuwa mzito au mwepesi, hilo hakilijui." Basi hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya bibi yangu. Yeye alipima vitu kwa mikono. Mkungu wa ndizi, debe la kahawa, mtoto mchanga, vyote alivibeba, akafumba macho kidogo, akakwambia. Watu walimletea vitu avipime hata pale mizani ilipokuwa jirani. Naeleza haya kwa urefu, unisamehe, mimi shule niliishia darasa la pili na sijui kukata njia. Lakini bila mikono ya bibi, habari ya kuku huyu hutaielewa.

Miaka ikaenda, nikawa kijana wa kushika jembe. Ikaja ujamaa. Sisi wa upande ule tuliambiwa tutoke kwenye vibanja vyetu tukakae pamoja juu kwenye mbuga ya majani, karibu na barabara, shule na zahanati vitufikie. Kwa asiye wa kwetu, kibanja ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, na makaburi ya watu wako humo humo. Ukimwambia Mhaya ahame kibanja unamwambia awaache na marehemu wake. Wengi tulikwenda, wengine kwa moyo, wengine kwa kusukumwa. Siwezi kusema yote yalikuwa mabaya. Maji tuliyapata. Ila kule mbugani upepo ulikuwa unapita ndani ya nyumba kama mtu aliyekaribishwa.

Mmoja hakuhama. Huyu alikuwa Ta Byabato. Ta ni kusema baba, ndivyo tunavyowaita wanaume wakubwa kwetu. Viongozi walipomfuata aliwajibu kwa upole, "Waitu, mimi nina mgonjwa ndani, siwezi kumwacha." Waitu ni neno letu la heshima, nalo lilikuwa halimkauki mdomoni. Viongozi wakaangaliana. Mkewe, Ma Kemilembe, alikuwa ameugua siku nyingi, lakini wakati huo alikuwa ameshazikwa, kaburi lenyewe bado bichi, pale karibu na migomba. Wakamwonea huruma, wakamwacha.

Akabaki peke yake bondeni, majirani wote wamehama. Yeye na mkewe hawakujaliwa watoto. Kilichobaki cha mkewe ni kuku mmoja wa madoadoa. Ma Kemilembe alimlea kuku huyo na mama zake kuku huyo, na katika maisha yake yote hakuonja nyama ya kuku hata mara moja, maana zamani kwetu mwanamke alimfuga, alimpika, akamwandalia mume na mgeni, yeye akala maharage. Bibi yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Tulimwambia siku hizi ruhusa, akasema ulimi wake haujui ruhusa.

Sasa Ta Byabato akaanza kupanda kijijini na kuku kwapani. Alikuwa anatembea mlango kwa mlango. "Waitu, hebu mshikeni. Anakonda. Sijui ana nini."

Na kweli alikuwa amekonda. Manyoya ya kuku hudanganya, yanamvisha unene asio nao. Lakini ukipitisha kidole kifuani, mfupa wa kidari ulikuwa umesimama kama makali ya panga. Kilemba chake kimepauka. Kila mtu akatoa dawa. Mmoja alifunua mabawa kutafuta chawa, hakuna. Mwingine akasema minyoo, akampa maji ya shubiri. Mwingine akasema pilipili. Mwingine akanong'ona kwamba ni jicho la mtu. Bwana mifugo alipopita aliacha unga wa dawa, kuku akaunywa, akaendelea kukonda.

Binamu yangu Projestus, ambaye Mungu alimpa ulimi kabla ya kumpa akili, akamwambia, "Ta, mchinje basi kabla hajaisha. Ukichelewa utachemsha manyoya."

Ta Byabato akasema, "Nimchinje nimle na nani?"

Tulicheka. Tulidhani ni utani.

Zamu ya bibi ikafika. Akampokea kuku, akafumba macho, akampima mikononi. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nililiona na sikulielewa. Alipomrudishia, alimshika mzee kifundo cha mkono, akakikalisha kidogo katika vidole vyake, kama anapima tena. Akasema tu, "Kesho nitashuka kumsalimia Ma Kemilembe kaburini kwake."

Kesho yake nikamsindikiza. Ta Byabato alitupokea vizuri, akatupa kahawa kavu za kutafuna kama desturi, akaanza kueleza habari za kuku. Kuku mwenyewe alikuwa amefungwa mguu kwa kamba ya mgomba, kwenye nguzo, ndani. "Namfunga asije akachukuliwa na kicheche," akasema. "Huyu akipotea, nyumba hii nitazungumza na nani?"

Bibi aliomba kupita nyuma ya nyumba. Huko, mwanangu, ndiko mwanamke wa Kihaya hukaa akamenya ndizi za mchana, na maganda yakarundikana, na kuku wakayachakura, wakala na maharage yanayodondoka na ukoko wa chungu. Tulikuta rundo la maganda limekuwa vumbi. Kisu cha kumenyea kimechomekwa kwenye nyasi za paa, kina kutu. Bibi akagusa mafiga kwa kiganja. Yalikuwa baridi, buibui amefunga nyuzi kati ya figa na figa.

Na pande zote, mikungu! Imekomaa, imeiva, mingine imeanguka inaoza, nyuki wanavuma juu yake.

Bibi akaaga, tukaanza kupanda kilima. Aliniambia njiani, akiwa amesimama katikati ya kilima ili apumue, na sauti yake ilikuwa kali.

"Macho yenu mmeyaweka wapi? Kuku yule amepita mikononi mwa kijiji kizima. Kila mmoja amemshika kidari. Yule anayemleta, nani amemshika?"

Nikasema, "Bibi, ana ndizi kibanja kizima."

"Nani wa kumenya? Babu yako umewahi kumwona ameshika kisu cha ndizi? Mwanaume wa rika lile atakufa katikati ya migomba na hatamenya. Na kuomba hawezi. Kuku anakula kinachodondoka kwa mwenye nyumba. Kama hakidondoki kitu, jua hakiliwi kitu. Amekuja kuomba chakula, waitu, na ninyi mmempa pilipili."

Wahenga wanasema njaa haina adabu. Mimi nimemwona mtu mmoja tu ambaye njaa yake ilikuwa na adabu, naye ndiye huyo.

Sasa uone hekima ya bibi. Mwingine angebeba chakula akampelekea, na mzee angekirudisha kwa shukrani nyingi. Bibi alimwita, akamwambia, "Waitu, niachie kuku nimtazame. Ila kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu amekuzoea. Asipoisikia sauti yako hatakula. Itabidi uje kila siku, mchana, ninapoipua."

Akaja. Kila siku kuku aliwekewa maganda, na mzee akakaa karibu akimsemesha. Bibi naye angegeuka na kipande cha ndizi kinachofuka moshi juu ya jani. "Waitu, nionjee. Ulimi wangu umezeeka, sijui chumvi imekolea au la." Akaonja. "Imekolea, mama." "Hebu onja na maharage." Basi kuonja huko kukawa mlo. Wote wawili waliujua uongo ule, na wote wawili waliutunza kama kaa la moto la kuazima. Kuku akapata nyama kifuani. Na mzee shingo ikajaa kidogo, akaanza hata kusimulia habari za ujana wake, ndefu kuliko hizi zangu.

Mwanangu, nasaha yangu naitoa hapa, kabla sijafika mwisho, kwa sababu nikifika kule huwa sina sauti ya kumshauri mtu. Mtu akikuletea kuku mgonjwa, mpokee kuku, lakini ushike na mkono uliombeba. Watu wenye haya hawaji kusema wana njaa, au wanaogopa, au nyumba imekuwa kubwa mno kwao. Watakuja na kitu kingine mkononi. Jifunze kumenya ndizi, uwe mwanaume usiwe mwanaume. Mila isikuue mbele ya chakula chako. Na ukimwona mtu anasaidiwa kwa siri, hata kama umeigundua siri yenyewe, imeze. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona. Mungu akupe mtu wa kula naye mpaka uzeeni, akupe mafiga yasiyopoa, na siku utakapotembea na kuku wako kwapani, akukutanishe na macho ya kukuona. Hiyo ndiyo baraka yangu, ichukue.

Mwisho wenyewe ni mfupi. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misani, wanaume tumekaa uani tunakula kwenye majani ya mgomba. Ta Byabato yupo kati yetu. Kuku anachakura, mnene, analeta na ubishi kwa kuku wa nyumbani. Projestus akamtazama kuku, akamtazama mzee, akapaza sauti:

"Ta Byabato! Kuku si amepona zamani? Sasa huyu mgonjwa anayeletwa hapa kila mchana ni yupi?"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka. Alikuwa na kipande cha ndizi mkononi. Akakirudisha kwenye jani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akanawa. Akamwendea bibi pale jikoni.

"Mama, kuku amepona. Asante."

"Bado, waitu," bibi akasema haraka. "Jana alikataa kula. Jana hakugusa kitu."

"Amepona. Mwache hapa, ameshazoea watu."

Akachukua fimbo yake. Bibi akamfuata mpaka mwisho wa uwanja, mwiko bado mkononi, akamwita kwa jina, kitu ambacho mwanamke wa umri wake hakumfanyia mwanaume. Mzee akainua mkono bila kugeuka, akateremka na njia ya bondeni, kofia yake ikaonekana kidogo juu ya majani, kisha haikuonekana.

Tulikwenda kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba, kwa nje, fundo la mtu asiye na haraka. Tukauliza Karagwe, tukauliza ziwani kwa wavuvi. Hakuna aliyempokea, hakuna aliyemzika. Hakurudi.