Unga Ule wa Kwenye Maharagwe

Nilipokuwa kijana mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, niliamini kwa moyo wote, tena nikiwa na cheti cha shule ya jioni ukutani, kwamba kuna unga unaogeuza watu kuwa nguruwe. Kila mtu katika Cité, mtaa wetu sisi Waafrika, alijua habari hiyo. Batumbula, wale wateka watu tuliowaogopa kuliko simba, walisemekana kuwalisha mateka wao unga wa rangi ya kiini cha yai, mpaka vidole vinabadilika rangi, sauti inapotea, mkia unaota. Mwenzangu wa karakana aliapa kwamba shangazi yake aliuona mkia wenyewe. Mimi, niliyejua kugawanya kwa desimali, sikuuliza hata shangazi huyo anakaa wapi.

Basi, maharagwe. Posho yetu ya kila juma kutoka kazini ilikuwa unga wa bukari, yaani ugali, maharagwe, chumvi na mafuta ya mawese. Juma lililofuata, bukari na maharagwe tena. Nadhani nilikula maharagwe mengi kuliko mawe yote yaliyotoka mgodi wa Kambove. Mke wangu aliyapika vizuri, lakini maharagwe ni maharagwe.

Ndipo mama yake akaja kututembelea kutoka kaskazini, upande wa ziwa, na vifurushi vyake. Kwa desturi yetu mama mukwe na mukwe hawatazamani wala hawasemeshani. Alikaa nyuma ya nyumba, karibu na jiko, akinipa mgongo, nami nikipita nilitazama ukuta. Tulielewana vizuri sana namna ile.

Jumapili nikarudi kutoka misa. Harufu ilinipokea barabarani, ya kitunguu na ya kitu kingine chenye joto ndani yake. Naweza kuapa kuwa mtaa mzima ulisahau sala zake. Nikanawa, nikakaa. Mke wangu akaweka bukari, akaweka maharagwe, na maharagwe yaling'aa. Kisha nikaviona vidole vyake. Rangi ya kiini cha yai mpaka kwenye kucha.

"Umetia nini humu?"

"Unga mama alileta. Onja kwanza, baba."

"Sina njaa."

Mtu wa kwetu anajua uzito wa maneno hayo. Kukataa chakula cha mkeo mama yake akiwa kwako ni kumwambia mama huyo: mchukue mtoto wako. Nyuma ya ukuta nikasikia vifurushi vinaanza kufungwa. Mke wangu naye alisikia. Akainama karibu yangu.

"Unanifukuza, baba? Sema, nijue."

"Sikufukuzi. Lakini angalia vidole vyako. Batumbula banatumia unga ya vile. Kila muntu anajua."

Hakucheka. Ningeshukuru kama angecheka. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, akasema polepole, kwa sauti iliyovuka ukuta bila shida:

"Kumbe unasema mama yangu iko mutumbula."

Sikuwa nimesema hivyo. Nilikuwa nimesema hivyo hasa. Masikio yaliniwaka, na kama aibu ingekuwa inaotesha mkia, wangu ungetosha kufagia nyumba na barabara yake. Nilimtaka mke wangu abaki. Yote niliyofundishwa jioni zile yalikuwa yamenikimbia.

Kule nyuma fundo likafunguliwa. Kitu kikaviringika kupitia mlango wa nyuma, kikasimama karibu na mguu wangu: mzizi wenye vifundo kama tangawizi, umevunjwa katikati, na ndani yake rangi ileile. Kisha mama mukwe, ambaye hakuwa amenisemesha tangu arusi, akasema, mgongo wake bado ukiwa kwangu:

"Ile iko manjano, mukwe. Muzizi. Napanda mu shamba yangu, naanika, natwanga. Inatia muchuzi ladha, inachafua vidole. Basi. Kula, maharagwe inapoa."