Kibuyu Kichungu Nilichompa Mwalimu

Nilifanya ubaya, na sikuteleza. Nilikusudia! Niliamka asubuhi, nikaosha uso, nikachemsha maziwa, nikaufanya nikiwa na akili zangu zote. Jina langu sitaandika, maana hapa Merigi tunajuana, na watu walewale niliowadanganya bado wananisifu mpaka leo. Wangejua!

Mimi ni mama wa Kikipsigis. Nina ng'ombe wawili, nina majani chai kidogo, na nina kitu kimoja ambacho hakuna mwanamke wa hapa amewahi kunishinda: mursik, yale maziwa yetu ya kulala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Harusi ikija, naitwa. Mkimbiaji akirudi na medali, naitwa.

Sasa kulikuwa na mwalimu. Nitamwita Kemunto. Wazazi wake walitoka upande wa Kisii zamani kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, akasoma, akaja kufundisha kwetu na kununua kipande cha ardhi. Kikipsigis anakiongea kuliko watoto wetu wenyewe. Lakini kwangu alikuwa mtu wa kuja tu, na nilihakikisha anajua.

Kilichonichoma ni hiki. Binti yangu, nimwite Chebet, alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye ninayeongoza maombi ya akina mama kanisani! Nikamficha kwa dada yangu huko Sigowet, nikawaambia watu amehamia shule ya kule. Akajifungua msichana. Mpango wangu ulikuwa mtoto abaki huko na Chebet atafutiwe mume wa mbali kabla watu hawajaanza kuuliza.

Mwalimu Kemunto akanusa. Huyo mwanamke alikuwa na mazoea ya kuwafuata wasichana walioacha shule, nyumba kwa nyumba, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Akafika mpaka Sigowet bila kuniambia neno.

Siku ya kufungua shule, sisi wote tumepanga foleni na majani yetu kwenye kituo cha kupimia chai, naona nani barabarani? Chebet amevaa sare! Na kando yake Mwalimu, amembeba mjukuu wangu mgongoni, mchana kweupe!

Kituo kizima kikageuka kutazama. Halafu jirani mmoja akasema, “Bot Chebet, kumbe wewe ni kogo na hujatuambia?” Yaani mama Chebet, kumbe ni nyanya! Wakacheka. Niliyamwaga majani yangu, nikaondoka kabla hayajapimwa.

Jioni nilimwendea kwake.

“Mwalimu, nani alikutuma kwa mtoto yangu?”

“Ni yeye mwenyewe, mama. Alinipigia simu akilia.”

“Wewe si wa hapa. Huku kwetu mambo ya nyumba haianikwi barabarani.”

“Mimi nimezaliwa huku, mama. Kwingine sijui. Kasirika na mimi, ni sawa, lakini Chebet arudi darasani.”

Nilitema mate chini, miguuni pake, nikaenda. Njiani niliapa kwamba huyu mwanamke ataaibika mbele ya watu kama nilivyoaibika mimi, na kama haiwezekani mwaka huu basi mwaka mwingine. Mimi nina subira ya kisasi, hilo sikufichi.

Chebet akarudi kwangu na mtoto wake, akamaliza shule, akapita vizuri, akaitwa chuo cha uuguzi. Nilifurahi, ndiyo, mimi si jiwe. Lakini kila aliyenipa pongezi aliongeza, “Kongoi kwa Mwalimu.” Asante kwa Mwalimu! Mimi niliyembeba tumboni sikushukuriwa na mtu. Nilitabasamu, nikaliweka hilo moyoni juu ya lile la kwanza.

Ndipo Mwalimu akatuzwa Nairobi kwa kazi yake ya kurudisha wasichana shuleni. Wazee wakakubaliana apokelewe uwanjani jinsi tunavyowapokea wakimbiaji, kwa mursik. Kwetu hicho si kinywaji tu. Ukinyweshwa mbele ya watu, umeambiwa wewe ni mtoto wa nyumbani. Na wakamwomba nani aitengeneze? Mimi! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi yakatoka.

Vibuyu vya watu wengine nilivitengeneza vizuri kama kawaida yangu. Chake, kile kidogo kilichopambwa kwa kauri, sikukiosha. Niliyaacha mabaki ya maziwa ya zamani humo ndani, halafu nikakisugua kwa makaa ya mti mchungu ambao mama yangu alinikataza hata kuota moto wake. Hauui mtu, lakini uso lazima ukunjike. Nilitaka anywe, ateme, mbele ya chifu na wachungaji na shule nzima. Mtu akiitema mursik ya heshima, watu wenyewe watasema huyu si wetu. Mimi ningekaa kimya tu na kitambaa changu kichwani.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Nilijitafutia kiti cha mbele nisikose hata kidogo.

Mzee akamkabidhi kibuyu. Akakiinua, akanywa. Niliona koo lake likisimama. Macho yake yakanitafuta, yakanipata. Nikasema moyoni, tema! Tema, mtu wa kuja!

Akameza.

Akanywa tena. Desturi ni kwamba mgeni akionja anapitisha kibuyu kwa wazee, lakini yeye alikikumbatia kifuani hataki kukiachilia. Watu wakashangilia, wakadhani ni utamu! Chebet, aliyekuwa amesimama karibu naye kutoa shukrani za wasichana, akacheka na kukivuta. “Mwalimu, si utuachie hata kidogo!”

Akaonja kabla hajazuiwa. Kicheko kikakatika. Yule mtoto nimemfundisha vibuyu tangu akiwa mdogo, anaijua kazi ya mkono wangu akiwa amefumba macho. Mwalimu akakichukua, akamnong'oneza kitu, akakiinua akamaliza yote. Yote!

Uwanja ukalipuka. “Huyu ni wetu kabisa! Amemaliza!” Mzee akashika kipaza sauti akanisimamisha, nikapigiwa makofi kwa mursik tamu. Ndugu yangu, umewahi kupigiwa makofi ukatamani ni mawe? Kile nilichotaka kumnyang'anya, nilimpa kwa mikono yangu miwili.

Tulipofika nyumbani Chebet alinifuata jikoni.

“Mama, ile kibuyu ya Mwalimu, ulisahau kuosha?”

Alikuwa ananifungulia mlango, mtoto wa watu! Ningesema ndiyo, nimezeeka, nilisahau, na yangeisha. Lakini hasira ilikuwa bado inachemka.

“Sikusahau,” nikasema. “Alitakiwa kutema.”



“Alijua, mama. Aliniambia kwa sikio, usiseme kitu, ni mama yako. Alikuwa anaimaliza ndiyo wazee wasionje, wewe usiaibike.” Kisha akasema, “Leo wamemuita mtoto wa hapa. Mimi ndiyo sasa sijui kwetu ni wapi.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alimchukua binti yake, akakusanya nguo zao, akaenda. Siku hizi anasoma Kericho, na chuo kikifungwa analala kwa Mwalimu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi siombi pole.

Na Mwalimu? Kila Jumapili ananisalimu kwa mikono miwili. “Chamgei, mama.” Hajamwambia mtu. Nitakuambia ukweli hata kama ni mbaya: huo wema wake unaniunguza kuliko kile kicheko cha kituoni. Nimemchukia tena kwa sababu ya kunisamehe. Neno la kuomba radhi linafika kwenye meno, linarudi.

Krismasi iliyopita Chebet alikuja kunijulia hali. Nilikuwa nimejiandaa. Mursik safi, kibuyu nimekiosha mara mbili, makaa nimeyachagua moja moja. Nikamimina vikombe viwili, cha kwake na cha mjukuu.

“Niko sawa, mama,” akasema. “Nipe tu maji.”

Kwetu sisi, mtoto kukataa maziwa ya mama yake! Mjukuu wangu akanyoosha mkono kukichukua kikombe chake. Chebet akaushika ule mkono mdogo, polepole, bila hasira, akaurudisha kwenye mapaja. Mtoto akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akauliza, “Ni mbaya?”



Wewe uliye na kisasi tumboni, usikae ukikilea. Mtu akimwinua mtoto wako, hata kama amekuaibisha, hata kama unamwita mgeni, funga mdomo ufungue mkono. Aibu yangu ya kituoni watu waliisahau kabla ya mvua nyingine kunyesha. Mjukuu wangu hajasahau. Bado anakiogopa kikombe changu, na mimi ndiye kogo wake.