Muhogo wa Mpakani

Jambo hili nimeliandika mara mbili katika daftari, na mara mbili nimechana ukurasa, kwa sababu kila nikilisoma naona nimejipamba. Watu wa kwetu wanalisimulia kama sifa yangu. Si sifa. Nitajaribu kusema lilivyokuwa, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Genge letu lilikuwa kando ya barabara ya Masasi kwenda Ndanda, hatua chache kutoka mlangoni: nguzo nne, paa la nyasi na kichanja cha mianzi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia watu wafanye biashara. Kabla yake ukionekana barabarani na debe la mbaazi, mgambo anakuuliza unampelekea nani. Halafu ghafla hakuna aliyeuliza. Mabasi ya watu binafsi yakaanza kupita, na abiria ni watu wenye njaa. Mikorosho yetu ilikuwa imeshikwa na ubwiriubwiri, maua meupe kama yamemwagiwa majivu, kwa hiyo lililotulisha ni genge: mapapai, mbaazi, ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, na zaidi ya yote muhogo. Mimi ni Mmakonde, mzaliwa wa Newala, juu kule, nimekua nikipandisha maji kutoka bondeni kichwani. Mtu kusimamisha gari anunue nilichochimba asubuhi, nilikiona kama kitu nilichookota. Mpaka leo nakiona hivyo.

Shamba alilianzisha mama mkwe, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mistari mitatu ya mpakani aliipanda muhogo mchungu, ndani akapanda mtamu. Alisema nguruwe akionja mstari wa kwanza atadhani shamba zima ni hilo hilo, na mwizi vilevile. Muhogo ule haufai mpaka uloweke siku kadhaa, uanike, utwange unga. Ukiuchemsha tu ukala, unaweza kukuangusha, na mtoto ndiyo kabisa. Kwa hiyo akatuwekea sheria: kila shina likichimbwa, muuzaji atafune kipande kabla halijapanda kichanjani. "Ulimi wako ndio utakaokusemea kwa watu," alikuwa akiniambia.

Sasa, mwezi wa Ramadhani nafunga. Nilikuwa nauza bila kuonja, na Ramadhani ndipo muhogo unapotoka sana, maana kila nyumba inataka wa futari. Nilijua wapo wanaosema mpishi anaruhusiwa kuonja akatema. Sikumuuliza mwalimu wa chuoni, anayewasomesha watoto Kurani. Labda niliogopa dhambi, labda nilikuwa mvivu wa kuuliza. Nilijiambia macho yangu yanatosha.

Jirani yetu, mama mmoja Mkristo aliyetokea Lulindi, hakuwa na shida hiyo. Yeye alikuwa na tabia ya kupita gengeni na kuchukua kipande bila kuomba, huku anaendelea na habari zake. Sikuwahi kumwambia kitu, lakini moyoni nilikuwa nahesabu kila kipande. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Siku hiyo nilichimba alfajiri, manyunyu yanaanguka. Upande wa mtoni shamba linapinda, na mistari ya mpakani inaingia ndani kidogo. Nikahesabu mistari kwa kuanzia upande usio wake, nikachimba mashina machache pale. Alasiri basi likasimama. Mafungu mawili ya kwanza niliyouza yalikuwa ya mashina yale: moja alichukua kondakta, la pili mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Nikamwongezea na mzizi mmoja mkubwa juu, kwa kuwa mtoto alinichekea. Basi likaondoka.

Halikupita hata robo saa, jirani akaja. Akachukua kipande, akatafuna, akatema.

"Mama wee! Leo unauza shubiri?"

"Acha masihara, nimefunga."

"Masihara gani? Njoo unuse mdomo wangu. Huu ni wa mpakani huu. Umemuuzia nani?"

Nikaliacha genge nikakimbia. Mume wangu alikuwa anaziba pancha ya baiskeli uani. Nikamweleza, naye akanitazama kidogo.

"Basi lina injini, mke wangu. Mimi nina saumu."

"Na wao wana saumu. Jua likizama watakula."

Akamaliza kuziba pancha. Alipuliza tairi, nikapanda kwenye keria, tukaondoka. Jirani akabaki gengeni bila kuombwa. Barabara ilikuwa imeshakauka, vumbi na mashimo, penye mlima tukashuka na kusukuma. Mtu akisimulia leo anasema tulilifukuza basi. Hatukulifukuza. Tulilikuta Ndanda kwa sababu lilikuwa limesimama hospitalini likishusha wagonjwa na ndugu zao, na dereva alikuwa anakunywa chai. Nikawauliza abiria kwa sauti kama kuna mwingine aliyenunua muhogo kwangu. Hakuna. Kondakta akatoa fungu lake chini ya kiti.

"Mama, umekuja na baiskeli kuninyang'anya futari?"

"Mchungu, mwanangu. Usiupike. Yule mwenye mtoto yuko wapi?"

Uso wake ukabadilika. "Huyo alishuka nyuma huko. Kwenye daraja dogo, akashika njia ya kushoto."

Tulikuwa tumelipita daraja lile. Tukageuza. Mume wangu alikuwa anapumua kama mvukuto wa mhunzi, na mimi nyuma yake nilikuwa nalitazama jua kama mwenye deni anayetazama mkono wa mdai wake. Katika njia ile kulikuwa na nyumba tano au sita, sikumbuki. Kila nyumba nilipiga hodi nikauliza mgeni mwenye mtoto. Wakanielekeza mbele, mbele tena.

Nyumba ya mwisho moshi ulikuwa unafuka. Bibi mmoja alikuwa ameinama juu ya sufuria anakoroga tui la nazi, na mama kijana alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka anapepea kwa ncha ya kanga. Mtoto amekaa kwenye mkeka huo na bakuli mkononi, ndani yake kipande cha muhogo kinatoa mvuke. Wenyewe walikuwa wanasubiri adhana, lakini mtoto hafungi.

Nilimpokonya. Sikutoa salamu. Mtoto akalia, mama yake akaruka.

"We mama, una wazimu?"

"Amekula? Niambie, amekula?"

"Bado wa moto, nilikuwa nampoozea! Kuna nini?"

Hapo ndipo nikakaa chini. Mume wangu ndiye aliyesema shikamoo kwa bibi na ndiye aliyeeleza. Bibi akaipokea shikamoo, akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama sufuria yake. Nazi mbili zilikuwa zimekwenda mle, na hawakuwa na kingine kilichoandaliwa. Kwa mbali adhana ikasikika. Bibi akanywa maji kwanza, akamega kipande, akakigusisha ulimini, akatema jikoni.

"Kweli," alisema, akaingia kwenye utani wa makabila yetu. "Nyie Wamakonde mmekosa vita vya kupigana na sisi Wamakua, sasa mmekuja na sufuria."

Mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia. Yule mama kijana hakucheka, na alikuwa na haki. Alimbeba mwanawe akaenda kusimama naye mbali, na nadhani nami ningefanya hivyo hivyo.

Tulifuturu pale, uji wa mtama usio na sukari, tukipokezana vikombe viwili. Sijawahi kunywa uji uliouzidi ule. Bibi hakuturuhusu kuondoka na muhogo mbichi uliobaki. "Acha hapa, nitauloweka. Chakula hakina kosa." Tulipoaga, mama kijana alinisindikiza mpaka njiani. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia, "Kesho ukichimba, onja." Nikamjibu nitaonja.

Nilimwuliza mwalimu baada ya hapo. Akasema, "Ungeonja ukatema, ukasukutua. Ulikuwa unamwogopa nani?" 

Kondakta yule ndiye aliyeieneza habari. Tangu hapo kila akipita alikuwa anasimamisha basi na kuwatangazia abiria kwamba huyu ndiye mama aliyefuata muhogo wake kwa baiskeli. Watu wakanunua, watoto wetu wakasoma kwa fedha za genge lile. Wananishukuru mimi. Lakini mimi nilihesabu mistari vibaya. Miguu ilikuwa ya mume wangu. Na aliyegundua ni mtu niliyekuwa namhesabia vipande, ambaye kama angekuwa na adabu niliyoitaka, asingetia kitu mdomoni bila kuomba, na mtoto yule angekula.

Asubuhi iliyofuata safari ile nilionja kila shina nikatema. Kisha nikamenya kipande kizuri cha katikati, nikakiweka pembeni ya kichanja juu ya jani la mgomba. Jirani akapita, akakichukua, akatafuna huku ananieleza habari za kuku wake. Hakuomba. Nikamsubiri ameze.

"Mtamu?" nikamuuliza.

"Mtamu," akasema, akanyoosha mkono achukue kingine.